Mama na Mbwa Asiyebweka

Siku niliyokwenda kuchukua mbwa nilivaa gauni langu la kanisani, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa ukaidi wangu wa kuzaliwa nao. Daktari wa mifugo, mama wa makamo anayeongoza kikundi kimoja cha kuokoa mbwa wa mitaani, alinifungulia geti la mabati, akaniingiza uani kwao, akanionyesha udongo mtupu katikati ya mbwa wengi waliokuwa wakizurura, akasema, "Kaa hapo."

"Hapo wapi?"

"Chini. Hapa hatuchagui mbwa kama mtu anavyochagua nyanya. Unakaa, unatulia, anayekutaka anakuja mwenyewe. Akikugeuzia mgongo akalala, huyo ni wako. Mbwa hamgeuzii mgongo mtu asiyemwamini."

Sasa, kwetu mwanamke mzima hakai kwenye udongo mtupu. Atakaa kwenye kiti, kwenye mkeka, hata kwenye debe lililopinduliwa, lakini udongo mtupu ni wa siku ya msiba. Ukifika kwa watu ukakuta mama wa nyumba amekaa chini hivihivi, huulizi habari za asubuhi, unavua viatu na kuanza kulia. Utotoni nilichapwa si mara moja kwa kukaa chini ovyo, eti naita kifo. Nikamwambia daktari samahani, kwangu hajafa mtu. Yeye mwenyewe ni wa hapahapa na alinielewa vizuri sana. Alicheka, akaniletea bambar, kile kigoda kifupi cha kusukwa kwa kamba.

Nikakaa juu ya bambar yangu kama bibi harusi anayesubiri picha. Mbwa walinipita. Wengine walininusa pindo la gauni wakaenda zao. Mmoja tu, wa rangi ya udongo, sikio la kushoto limechanika, alikuja polepole, akajipenyeza chini ya kigoda, akalala kivulini. Hakunigeuzia mgongo wala hakunitazama.

"Huyu amependa kigoda," daktari alisema. "Lakini mchukue. Mwezi wa kwanza ni wa majaribio. Ukiisha nitakuja kwako kuwaona, na siku hiyo, dada, utakaa chini utake usitake."

Mimi si mtu wa mbwa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule sokoni Konyo Konyo, hapa Juba, na mambo yangu ni mikunjo na vifungo. Mbwa nilimtaka kwa ajili ya mama.

Mama alikuwa amerudi kutoka Koboko, upande wa Uganda, alikoishi ukimbizini miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa cha kule. Nilimjengea chumba cha matofali hapa Buluk, chenye mlango wa chuma, nikadhani nimemaliza. Lakini kiangazi cha Juba hakina adabu. Bati linalia juu ya kichwa, maji ya mtungi yanakuwa ya kuogeshea mtoto, na mtaa mzima unatoa vitanda nje. Angareb, vile vitanda vya kamba, zinapangwa uani, neti zinafungwa kwenye kamba za nguo, watu wanalala na upepo wao. Mama peke yake alijifungia ndani. Kila jioni alifanya mzunguko wake na fimbo mkononi: geti, anatikisa kufuli, jikoni, choo, anasukuma mlango kwa ncha ya fimbo, ukuta wa nyuma, kisha geti tena. Halafu anaingia kwenye chumba kile, anashusha komeo zote mbili, na kuiva humo mpaka asubuhi.

Alikonda mbele ya macho yangu. Kliniki walisema presha yake na joto haviwezi kukaa chumba kimoja. Yeye alisema dawa anaijua, atarudi Koboko kabla mvua hazijaharibu barabara. Begi lake lilikuwa tayari limesimama nyuma ya mlango, limefungwa zipu.

"Huko nililala," aliniambia. "Hapa usiku iko na macho."

Mama ninaye mmoja. Nilitaka alale nje, apumue, abaki. Hilo tu ndilo nililolitafuta kwa yule mbwa, na nililitafuta bila kumuuliza mwenyewe, kwa sababu mimi nikishapata wazo zuri huwa sitaki mtu aliguse.

Mwenye boda boda alikataa kumpakia mbwa mpaka nilipomfunga ndani ya kitenge na kumpakata. Njia nzima watu walitutazama kwa huruma. Kwenye makutano mama mmoja alinipa pole ya mtoto mgonjwa, nikamjibu asante, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Mbwa mwenyewe alitulia tuli. Nilihisi moyo wake ukidunda kwenye paja langu.

Mama alikuwa mlangoni akichambua mboga ya kudra, sinia mapajani. Sikio lililochanika likachomoza kwenye kitenge. Aliinuka, sinia ikaanguka, majani yakamwagika, akaingia ndani na nikasikia komeo ya kwanza, kisha ya pili.

"Toa," alisema kutoka ndani. "Toa hiyo kitu."

"Mama, ni mbwa tu. Atakulinda."

"Ni yeye ama ni mimi. Begi yangu iko tayari, unaiona."

Niliokota majani, moja moja, na hasira yangu yote. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilitegemea kushukuriwa.

Habari hazilali Buluk. Kesho yake alikuja jirani yangu, Mganda anayekaanga chapati pale kona, kunipa pole yenye kicheko ndani yake. Naye aliwahi kuchukua mbwa kwa kikundi hichohicho, jike jeusi lenye macho ya upole.

"Dada, ile ilinikulia kuku hata wiki haijaisha," alisema. "Nikairudisha. Nilibeba na manyoya kwa mfuko, daktari aone kwa macho yake."

"Kwa hiyo umepumzika."

"Nimepumzika wapi? Ile ikiwa hapa, wezi ya mkaa hawakuja hata siku moja. Sasa kuku iko, mkaa hakuna." Akatazama upande mwingine. "Na ilikuwa inaniamkia vizuri asubuhi."

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa mwanamume anayepakia mizigo kwenye uwanja wa ndege. Mbwa wake aliachwa na mgeni aliyemaliza mkataba, akapanda ndege, akasahau. Mbwa hakusahau. Kila ndege ikipaa juu ya mtaa wetu, huinua pua na kulia kwa sauti ya mtu aliyefiwa, na ndege Juba si haba. Mke alitaka mnyama arudishwe alikotoka. Mume aligoma.

"Huyu sirudishi," aliniambia akiwa geti kwake, mbwa katikati ya miguu yake. "Hii ndege ya Nairobi ikichelewa, yeye ndio huniambia. Tuko kazi moja."

Kwa hiyo mmoja alikuwa na mbwa wa kula kuku, mwingine wa kulilia ndege. Wangu hakuwa na kitu. Wangu habweki. Hakumbwekea muuza mkaa, wala mbuzi wa watu waliokuja kutafuna kamba yangu ya nguo. Kuku wa jirani walimpora chakula yeye akisimama pembeni kwa heshima. Jioni moja nilitoka nje, nikajifanya mwizi kwenye geti langu mwenyewe, natikisa mabati huku wapita njia wakipunguza mwendo kunitazama. Mbwa alikuja, akachungulia kwa chini, akaona viatu vyangu, akarudi kulala. Nilisimama pale barabarani nikijiona mjinga mwenye cherehani.

Na mama hakutoka mpaka mbwa awe amefungiwa nyuma ya jikoni. Tuliishi hivyo, kwa zamu: mbwa nje, mama ndani, mama nje, mbwa jikoni. Nilikuwa mlinzi wa geti wa wafungwa wawili.

Siku moja mchana nilikuwa nakata kitambaa chini ya dirisha la mama. Yeye alikuwa ndani. Mama huongea nami lugha zote kwenye sufuria moja, na siku hiyo alianza bila kuniita.

"Wakati tunakimbia, dada yangu alikufa kwa njia," alisema. "Jembe hatukuwa nayo. Tuliweka majani, tukaweka mawe. Mawe ilikuwa kidogo. Nyuma yetu mbwa ilikuwa inatufuata, nyingi, toka mbali. Watu wakasema twende, twende. Mimi iliangalia nyuma. Kalas, imeisha."

Nilishika mkasi bila kukata. Nilijua mama yangu mdogo alifia njiani. Jina lake hutajwa kwetu kila Krismasi. Hayo ya mbwa sikuwahi kuyasikia. Niliona uchungu, na chini ya uchungu aibu, kwamba kitu kilekile kilichomfuata mama katika usingizi wake nimekifunga kwenye kitenge na kumletea mlangoni, eti kimlinde. Nikasema, "Malesh, mama, pole."

Nikampigia daktari palepale aje amchukue mbwa wake. Alisikiliza, akasema amenielewa, ila gari lao linaondoka kwenda kuchanja mbwa vijijini na huko simu ni za kubahatisha. "Nitakuja siku ileile tuliyopanga, mwezi ukiisha. Vumilieni."

"Ataondoka," nilimwambia mama kupitia dirishani. "Siku si nyingi."

"Sawa," alisema. "Basi usimfungie jikoni. Analia."

Alikuwa analia kweli, kwa pumzi tu, mlio ambao mimi niliyekaa uani kila siku sikuwa nimeusikia.

Jioni ile mama alitoka kufanya mzunguko wake kama kawaida, maana mzunguko ule haukuwa na likizo. Mbwa alikuwa uani. Mama alisimama mlangoni, fimbo mbele, wakatazamana. Kisha akaenda getini kwa kupitia mbali, na mbwa akainuka, akamfuata kwa mbali vilevile. Mama akitembea, naye anatembea. Mama akisimama, anasimama, anatazama pembeni. Mama akatikisa kufuli. Mbwa akanusa chini ya geti. Mama akaangalia jikoni. Mbwa naye akaangalia. Kwenye choo mama alisukuma mlango kwa fimbo, na kabla hajachungulia, kichwa chenye sikio bovu kilikuwa kimeshaingia na kutoka. Mama akapiga fimbo ardhini. Mbwa akarudi nyuma, akasubiri, mzunguko ukaendelea.

Nilikuwa napiga pasi sare za watu, na kola ya mtoto fulani iliungua pale.

Ikawa hivyo kila jioni, na kila jioni ile nafasi kati yao ilipungua. Nilijifanya sioni. Mama naye alijifanya haoni kwamba ninaona. Halafu siku moja, baada ya choo, alisimama, akaegemea fimbo.

"Wewe," alisema.

Kikundi kilikuwa kimempa mbwa jina la kizungu ambalo hakuna aliyeweza kulitamka kwetu. "Wewe" lilikuwa neno la kwanza mama kumwambia, na likabaki kuwa jina.

"Wewe, nyuma umeangalia?"

Mbwa akaenda nyuma ya nyumba. Akakaa huko kidogo, akarudi, akasimama mbele yake. Mama akamtazama kwa muda. Kisha akageuka, akaingia jikoni kuchukua chai yake, bila kwenda kuukagua ukuta ule. Tangu arudi Juba hakuwahi kuamini macho ya mtu mwingine kwenye ukuta ule, hata yangu.

"Habweki huyu," nilisema, kwa kujaribu tu. "Mlinzi gani huyo?"

"Wewe unajua nini?" Mama alikoroga chai. "Tukiwa msituni, mwenye kelele ndio alituletea taabu. Mtoto akilia, tunamziba mdomo. Yenye inabweka inaambia mtu iko wapi. Hii inanyamaza, inaangalia. Hii imekimbia kama mimi." Akanywa. "Na inaogopa kuku. Yenye inaogopa kuku haiwezi kula mtu."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikachukua simu. Nilimpigia daktari asije. Simu haikupatikana siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Kulipopambazuka siku moja niliamka nikakuta mlango wa mama wazi. Nikachungulia. Kitanda hakipo. Nyuma ya mlango begi halipo. Niliwaza gari la Koboko, niliwaza barabara, nikatoka mbio bila viatu na bila kujifunga vizuri.

Angareb ilikuwa uani, karibu na kamba ya nguo. Jinsi alivyoikokota peke yake sijui mpaka leo. Neti ilikuwa imefungwa upande upande, nguzo moja ikiwa ni fimbo yake iliyochomekwa ardhini. Ndani ya neti mama yangu alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kitambaa cha kichwa kimemtoka, anakoroma kwa nguvu zote. Chini ya kitanda, begi lake la safari lilikuwa limetandazwa, tupu, na juu ya begi alilala mbwa. Alifungua jicho moja kunitazama. Alinitambua, akalifumba.

Sijawahi kufurahi hivyo, na nimefurahi mara nyingi maishani. Nilikaa kwenye bambar yetu pale mlangoni nikalia na kucheka kwa pamoja, kimyakimya, nisimwamshe. Mwenye chapati alichungulia juu ya ua kuona kuna nini.

"Hiyo ni mama yako?" alinong'ona. "Mimi nilifikiri genereta."

Mwezi ukaisha. Gari la daktari likasimama nje, limejaa vumbi la vijijini, ndani yake kizimba kitupu cha waya. Nilikimbilia getini, lakini mama alishafika. Alisimama katikati ya uwazi wa geti, fimbo mkononi, na mtu yeyote wa kumpita angelazimika kumvunja kwanza.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kwa ajili ya mbwa."

"Mbwa gani?"

"Yule wa binti yako."

"Binti yangu hana mbwa," mama alisema. "Binti yangu iko na cherehani."

Daktari alinitazama juu ya bega lake. Nikainua mikono.

"Mbwa ni yangu," mama alisema.

Kelele za gari zilikuwa zimewaleta majirani. Mwenye chapati alikuja na unga mpaka viwikoni, mpakia mizigo na mbwa wake wa ndege. Daktari akaangalia yule mbwa aliyemwokoa yeye mwenyewe, sikio bovu, amesimama nyuma ya kisigino cha mama, naona alitaka sana kukubali. Lakini ni mwanamke wa utaratibu.

"Hatumwachii mtu mbwa kabla hatujaona," alisema. "Anayemchukua anakaa chini. Mbwa ndiye anayesema."

Nikaingilia haraka. "Daktari, mama hawezi. Unajua kwetu. Nitakaa mimi. Au ngoja nilete mkeka."

"Nyamaza, ya biniya, binti yangu," mama alisema.

Alinipa fimbo. Akatembea mpaka katikati ya ua, akashika bega langu, akaanza kushuka. Magoti yalilia. Nilitaka kumzuia, na nikaogopa, kweli niliogopa, yale mambo niliyochapiwa utotoni yakanirudia. Alishuka mpaka chini, kwenye udongo mtupu, mchana kweupe, akanyoosha miguu mbele yake, akapanga gauni. Kisha akatazama mbele na kusubiri.

Mbwa alimzunguka. Alimnusa nyayo, akamnusa mkono. Halafu akageuka, akamgeuzia mama mgongo wake wote, akajiangusha kwenye paja lake na kutoa pumzi ndefu. Mama aliutazama mgongo ule. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha ukatua.

Mwenye chapati alipiga kigelegele mpaka unga ukaruka. Mpakia mizigo alikuwa anajifuta macho na kusingizia vumbi. Daktari alirudi garini na kufunga mlango wa kizimba.

Wakati huohuo mama mmoja, mgeni kabisa, alikuwa anapita barabarani na beseni kichwani. Aliona geti wazi, watu wamesimama, mwanamke mzee amekaa chini kwenye udongo. Alitua beseni, akavua ndala zake pale pale, akaingia ameinamisha kichwa, sauti ya kulia ikianza kumtoka.

"Pole, mama, pole sana," alisema. "Ni nani?"

"Ma fi," mama alimjibu, mkono wake ukipanda na kushuka na pumzi ya mbwa. "Hakuna mtu amekufa. Mimi imekaa tu."